Kijana wa Tseikuru Asiyebadilisha Neno

Watu wakiniuliza nilikuwa nikifanya kazi gani kabla sijastaafu, huwa nakawia kujibu, maana kazi yenyewe haikuwa na jina. Nikisema nilikuwa mwalimu, wananiuliza wa shule gani. Sikuwa na shule. Nilikuwa na chumba kimoja kwenye uwanja wa kanisa pale Kabati, chenye meza ndefu, mabenchi yaliyochuna suruali za watu, na rafu za vitabu ambazo mchwa walizisoma kuliko mtu yeyote. Wanafunzi wangu walikuwa wamekwisha kufaulu mtihani wa kidato cha sita. Walikuwa wameitwa chuo kikuu, mbuzi amechinjwa nyumbani, kwaya imewaimbia. Ndipo walipoletwa kwangu niwafundishe kusoma.

Mnacheka. Hata wao walicheka. Hakuna mtu mgumu kufundishwa kama yule ambaye juzi tu alibebwa juu juu na kijiji kizima. Anaketi pale mbele yako, miguu ameinyoosha, na macho yake yanakuambia kwamba mzee, mimi ndiye niliyepasi, wewe una nini cha kunipa? Na ninyi mnaokwenda chuo mwaka huu mnaketi vivyo hivyo, sema tu siku hizi mkononi mna simu. Kwa hiyo nawaandikia kama nilivyokuwa nikiwaambia wale, na msiponisikia nitajua kwamba mambo hayajabadilika sana.

Kazi hii sikuibuni mimi. Ilibuniwa na Mwalimu Ndunge, mwanamke mfupi, mweusi, mwenye sauti ya chini iliyofika mwisho wa kanisa bila yeye kuipaza. Alikuwa amefundisha shule za msingi huku Kitui tangu kabla ya uhuru, na alipopumzika kazi ya serikali akaona watoto aliowafundisha wakienda chuo wakiwa wamenyooka na kurudi wameinama. Wengine walirudi kabisa, wakasema chuo kimewashinda, wakakaa nyumbani wakiona haya kwenda sokoni. Aliuliza sababu. Kila mmoja alimwambia kwamba alisoma mchana kutwa na bado hakuelewa kilichotakiwa. Basi akawaomba wazee wa kanisa wampe chumba wakati wa likizo, na akanitafuta mimi nimsaidie. Wakati huo nilikuwa kijana wa upande wa Malili niliyemaliza chuo, nina shahada na kiburi cha kunitosha.

Mimi nilidhani tutawafundisha Kiingereza. Mwalimu Ndunge aliniangalia, vidole vyake havikuacha kusuka kiondo. Akasema, "Kiingereza wako nacho, Muli. Kile hawana ni ruhusa."

Sikumwelewa. Nilielewa miaka kadhaa baadaye, na nitawaambia nilivyoelewa, lakini kwanza acheni niwape kidogo cha kazi yenyewe, msije mkasema mzee alipiga hadithi tu.

Kitabu cha chuo hakisomwi kama barua ya mchumba, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho huku moyo ukidunda. Anza na yaliyomo. Kisha nenda mwisho wa sura, usome pale mwandishi anapojumlisha. Sasa unajua anakokwenda, rudi mwanzo umfuate. Ukimaliza kurasa chache, funga kitabu, mtafute mtu asiyesomea jambo hilo, umsimulie kwa lugha ya nyumbani. Mama yako anafaa sana. Mahali utakapokwama ndipo hujaelewa, hata kama umepiga mstari wa wino chini ya kila neno. Niliwahi kumtuma kijana mmoja wa uchumi akamweleze mpishi wetu kwa nini bei hupanda. Mpishi akamsikiliza huku akipepeta mahindi ya muthokoi, halafu akamwambia, "Wewe rudi kwa Mwalimu, hiyo maneno haijaiva." Alirudi, na alikuwa amekasirika, lakini alisoma tena.

Jambo lingine ni kusoma pamoja, na hapo Mwalimu Ndunge alinipiku kabisa. Vijana wetu walitoka shule ambako kila mtu alitaka kuwa nambari moja, kwa hiyo walifichana vitabu kama watu wanaoficha sukari. Mimi niliwahubiria umoja mpaka koo likakauka. Yeye aliwachukua asubuhi moja akawapeleka kwenye shamba la mjane mmoja, mahali ambapo kina mama wa mwethya walikuwa wakichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Mnajua mwethya wetu: leo wote tunachimba kwako, kesho wote kwangu, na hakuna anayekuja kwako na jembe butu kwa sababu shamba si lake. Akawaacha wachimbe pia. Jua lilipopanda akawauliza yule mjane amepunguza nini kwake kwa kuwachimbia wenzake wiki zote zilizopita. Kuanzia siku hiyo tukawa na mwethya wa vitabu. Jumatatu wote wanasomea somo la mmoja, hata kama si lao, na kumuuliza mpaka atoke jasho. Binti mmoja wa Malili, Nyambura, ambaye wazazi wake walikuja kutoka upande wa Murang'a wakafungua duka barabara ya Mombasa, alikuwa ndiye bingwa wa maswali. Alikuwa amekua akiwauliza madereva wa malori wametoka wapi na wanataka nini, kwa hiyo hakumwogopa mtu. Alimtoa jasho hata mwanafunzi wa udaktari.

Lakini wengi wa wanafunzi wetu hawakulelewa dukani. Walilelewa kanisani, na sisemi hivyo kwa kubeza, maana hata mimi nililelewa humo. Mtoto wetu alipofika miaka mitano alianza kupewa kifungu cha Biblia akishike kwa moyo. Jumapili anasimama mbele, mikono ubavuni, anakitoa. Akikosa neno moja anaketi na mwingine anasimama. Hakuna anayemuuliza maana yake, na ole wake akiweka neno lake badala ya lile lililoandikwa. Sasa mtoto wa namna hiyo, hodari kuliko wote, mpeleke chuo kikuu umweke mbele ya mtu mwenye shahada tatu na koti jeusi. Atafanya nini? Atafanya lile ambalo limemletea sifa maisha yake yote.

Hapo ndipo anapoingia Kyalo.

Kyalo alikuwa mtoto wa Mzee Mwinzi wa Tseikuru, mfugaji wa mbuzi na ng'ombe, na mzee wa kanisa kule kaskazini ambako basi lilifika likipenda. Aliitwa chuo kusomea kilimo. Tulimwalika kwenye mafunzo yetu kama wengine, akaja siku moja, akaona tunawafundisha watu namna ya kufungua kitabu, akatuaga kwa adabu na hakurudi. Sikumlaumu. Mtoto huyo alikuwa na kichwa ambacho sijawahi kukiona tena.

Mwaka uliofuata, wakati wa likizo, niliwaona wawili wakiingia uwanjani, baba mbele na mwana nyuma. Mzee Mwinzi alikuwa na kofia yake mkononi, na hakukaa mpaka Mwalimu Ndunge alipomwomba mara ya pili. Aliongea akimwangalia yeye, si mimi.

"Mwalimu, chuo wamesema huyu aliiba mtihani. Wamemwambia aende nyumbani, chuo kikifunguliwa arudi mbele ya kamati. Wakiona ni kweli, hiyo ndiyo mwisho. Mimi sijui mambo ya chuo. Nataka wewe uniambie kama aliiba. Kama aliiba nimrudishe kwa mbuzi, na nikae chini huko kanisani, nisisimame mbele ya watu tena."

Kyalo alikuwa ameinamisha kichwa. Mwalimu Ndunge akamuuliza, "Kyalo, uliiba?"

"Hapana, mwaitu," akasema, akimwita mama kwa Kikamba kama tulivyomwita wengi wetu. "Nilisoma tu. Hiyo maneno yote ilikuwa kwa kichwa."

Tukamwuliza mambo yalivyokuwa. Karatasi ya mtihani ilikuwa ya somo la udongo. Mhadhiri alipofungua majibu ya Kyalo alikuta maneno yake mwenyewe, yote, kwa mpangilio wake, na mifano yake. Hata hilo lingepita. Kilichomchoma ni kwamba katikati ya jibu la pili kijana alikuwa ameandika, "kama nilivyowaambia wiki iliyopita."

Samahani, nilicheka. Nilicheka mpaka nikatoka nje kidogo. Niliporudi Mzee Mwinzi alikuwa ananitazama kwa uso wa mtu aliyefiwa, na kicheko kikaniishia.

Mwalimu Ndunge hakucheka. Alimwambia Kyalo asimame atupe mhadhara huo. Kijana akasimama, mikono ubavuni, akaanza. Jamani. Alitupa mhadhara mzima kwa Kiingereza, kuhusu jinsi matone ya mvua yanavyopiga udongo ulio uchi mpaka uso wake unafanya ganda gumu, na maji yanateleza juu badala ya kuzama. Hakukosea mahali. Alitupa hata pale mhadhiri alipoomba chaki. Baba yake hakuelewa neno, lakini nilimwona mabega yakishuka, maana alijua sasa kwamba mwanawe si mwizi. Alijifuta macho kwa kofia na hakujificha.

Mimi nikasema kwisha maneno. Akasimame mbele ya kamati awape kama alivyotupa sisi, wataona wenyewe, na kesi imekufa.

Mwalimu Ndunge akamgeukia Kyalo, akamuuliza kwa Kikamba, taratibu, kama anayeuliza habari za nyumbani, "Kwa hiyo hayo maji, yakishindwa kuzama, yanaenda wapi?"

Kyalo akaanza mhadhara upya kutoka mwanzo, kwa Kiingereza, ili afike mahali hapo. Hakuwa na njia ya kuingilia katikati. Mtoto wa Tseikuru, aliyeona maji yakikimbia kwenye ardhi ngumu tangu anatambaa, hakuweza kutuambia maji yanaenda wapi.

Baba na mwana walipokwenda kunywa chai, Mwalimu Ndunge aliniambia, "Ataachiwa, ndiyo. Halafu? Watampa mtihani mwingine atoe tena maneno ya yule mtu. Mwaka ujao wamfukuze kwa kushindwa badala ya kwa wizi. Baba yake ataona tofauti gani?"

Nikamwambia muda hautoshi. Akasema muda utatosha tukimpeleka kanisani. Nikadhani anataka tumwombee.

Sasa niwaambie kitu ambacho huenda hamkijui kuhusu Mwalimu Ndunge. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wa kanisa. Mgeni akija kutoka Nairobi au mbali zaidi akahubiri kwa Kiingereza, Ndunge alisimama kando yake na kugeuza kwa Kikamba, kipande kwa kipande. Wazee wengine hawakupenda mwanamke asimame pale, lakini kila walipomjaribu mwanamume mahubiri yaligeuka supu, wakamrudisha. Nilimtazama mara nyingi nikidhani ni kipaji tu. Kumbe alikuwa na utaratibu. Hakuanza kusema mgeni akiwa bado yu njiani. Alimngoja amalize wazo, si sentensi. Akishika wazo aliyaacha maneno yaende zake, akatafuta ya kwake. Na akiwa hajashika, aliuliza.

Alituambia Kyalo atakalimani kwenye ibada ndogo ya jioni, Jumatano, mgeni wetu akiwa mhubiri kutoka Nairobi aliyekuwa akikaa Kabati kwa majuma machache. Mzee Mwinzi alishangaa, lakini akakubali kukaa na mwanawe hapa, mbuzi wakachungwe na ndugu yake.

Ilikuwa aibu tupu. Mhubiri alianza na hadithi ya nchi za baridi, ambako ziwa linaganda juu na mtu anatembea juu ya maji kwa viatu, mpaka siku moja ganda likavunjika. Kyalo alisimama pale akitokwa na jasho. Hakuna neno la Kikamba la kuganda kwa ziwa. Alimwangalia mhubiri, akaangalia watu, watu wakamwangalia. Mwisho akasema, "Amesema maneno mengi." Kanisa likacheka. Kyalo alishuka, akaenda kukaa nyuma kabisa karibu na mlango.

Tulipotoka, Mwalimu Ndunge alimwita, tukaketi kwenye ngazi. Nakumbuka mazungumzo hayo vizuri kwa sababu ndipo na mimi niliposomeshwa.

"Yule mtu wa ziwa, shida yake ilikuwa nini?" akamuuliza.

"Alikanyaga hiyo barafu."

"Kwa nini alikanyaga?"

Kyalo akafikiri. "Alidhani ni ngumu. Juu ilikaa ngumu."

"Kwenu hakuna kitu kinakaa kigumu juu na chini si kigumu?"

Akasema polepole, "Mto. Mvua ikinyesha huko juu ikaisha, mchanga wa mto unakauka juu, chini bado kuna maji. Ng'ombe yetu moja ilizama hapo, tukaivuta na kamba."

"Basi ungewaambia hivyo."

Kijana akashtuka kama aliyeambiwa aibe. "Lakini yeye hakusema mto, mwaitu. Alisema ziwa. Mimi nitabadilishaje maneno ya mhubiri?"

"Ukisema ziwa, watu wa hapa wataona nini?"

"Hawataona kitu."

"Sasa ni nani atakuwa amebadilisha alichosema, wewe mwenye kusema mto, au wewe mwenye kusema ziwa?"

Niliona uso wake, na nawaambia ukweli, sijapata tena katika kazi yangu kuona jambo likiingia ndani ya mtu namna ile. Nikaelewa lile neno la ruhusa. Mtoto huyu alikuwa na akili zote duniani, ila hakuna aliyewahi kumruhusu kuzigusa kauli za mkubwa. Na Ndunge hakumpa ruhusa hiyo kwa kumdharau mkubwa. Alimwonyesha kwamba hiyo ndiyo heshima yenyewe, kumwelewa mtu hata uweze kumsema kwa maneno yako. Nilijivunia kufanya kazi na mwanamke yule, na najivunia hadi leo, na nilimwambia hivyo mara nyingi akiwa hai.

Tulifanya mazoezi kila siku. Mimi nilimsomea vipande vya mihadhara yake mwenyewe, kalamu nimemnyang'anya. Alisikiliza mpaka mwisho wa wazo, ndipo nikamrudishia kalamu aandike mistari michache tu. Mwanzoni alikuwa akinyoosha mkono kudai kalamu kabla sijamaliza. Baba yake aliketi pembeni, na kazi yake ilikuwa kuambiwa. Kyalo alimweleza udongo kwa Kikamba, na mzee akiwa hajaelewa alisema tu, "Hapana," basi kijana anaanza kwa njia nyingine. Mzee alikuwa mkali. Alisema "hapana" mara nyingi kuliko mhadhiri yeyote niliyemjua. Ninyi mnaosoma kwa kuandika kila linalosemwa, jaribuni njia hii: acheni mkono upumzike mpaka mwenye kusema avute pumzi, kisha mwandike alichotaka, mwache nafasi pembeni ya maswali. Nafasi hiyo isibaki tupu.

Jumapili ya mwisho kabla chuo hakijafunguliwa, Kyalo alisimama tena kando ya mhubiri, safari hii mbele ya kanisa zima. Alianza kwa woga. Kisha akashika. Aliyakata maneno, akayafupisha, akaweka kiangazi mahali pa theluji na kisima mahali pa bomba. Watu waliitikia. Katikati, mhubiri akasema jambo refu lililojikunja kuhusu mtu aliyepotea, nami kwenye benchi nikajua hapa ataanguka. Kyalo akamgeukia, akasema kwa Kiingereza, mbele ya wazee wote, "Samahani, sijaelewa. Unamaanisha tumngoje, au twende tumtafute?"

Mtoto amemwuliza mhubiri madhabahuni. Mhubiri akakuna kichwa, akasema, "Swali zuri. Namaanisha twende." Kyalo akageuza, wakaitikia wote. Mwalimu Ndunge, ambaye hakuwahi kumsifu mtu usoni, alinikanyaga mguu kwa furaha mpaka kikaniuma kidole.

Nitawaambia sasa hivi ili msihangaike: Kyalo alimaliza chuo. Alifanya kazi ya udongo kule Makueni, kabla na baada ya kuwa wilaya, na matuta mengi mnayoyaona mkipita milimani yana jasho lake. Likizo nyingine alikuja kufundisha nasi bure. Siku tuliyomzika Mwalimu Ndunge yeye ndiye aliyekalimani wahubiri, na alifanya kama yeye, kwa sauti ya chini. Lakini siku ninayotaka kumalizia si hiyo. Ni siku ya kamati.

Tulikwenda Nairobi watatu, Kyalo, baba yake na mimi. Mwalimu Ndunge alikataa kuja. Alisema tukiwa wengi tutaonekana tunamshika mtoto asianguke. Tuliketi kwenye benchi la ukumbini, Mzee Mwinzi katika koti la kanisani, na kijana akaingia akafunga mlango. Mzee aliizungusha kofia yake mikononi, akaizungusha, mpaka nikatamani kumwambia aiweke chini.

Kyalo alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa amelowa jasho shingoni, na tulisimama wote wawili.

"Wamesema sikuiba," akasema.

Mzee Mwinzi akaketi tena. Akasema asante kwa Mungu, kwa sauti, watu waliokuwa wakipita wakageuka. Kisha Kyalo akatueleza. Walimwambia atoe mhadhara, akautoa, na alipofika kwenye "kama nilivyowaambia wiki iliyopita" wale wengine wa kamati walimtazama mhadhiri, na mhadhiri akaficha mdomo kwa mkono. Mmoja akasema basi tumewahukumu wengi kwa wizi, leo tumekamata tepu ya kunasa sauti. Lakini yule mhadhiri wa udongo hakuridhika. Alisema sawa, si mwizi, ila mimi siwezi kumpa alama kwa maneno yangu mwenyewe. Nieleze jambo hili kama vile mimi sijasoma, nina mifugo tu. Kyalo alisema alivyosikia hivyo alikaribia kucheka, maana mtu wa namna hiyo alikuwa amemweleza kwa majuma. Walimwambia atarudia karatasi ile, na aende akajiandae.

"Sasa ulimwambia nini?" baba yake akauliza kwa Kikamba. "Niambie mimi."

Kyalo akamweleza palepale ukumbini, ganda la udongo, maji, nyasi, mbuzi wanavyokanyaga. Mzee Mwinzi akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilingoja "hapana" yake. Haikuja. Alitikisa kichwa kukubali, mara moja, mara nyingine. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza tu kwa sababu jambo limemjia, "Na kwa nini kule kwetu chini ya mgunga huu nyasi zinaota nzuri, na chini ya ule mwingine hakuna kitu, na mvua ni hiyo hiyo moja?"

Nikamtazama Kyalo. Ule uso niliujua, uso wa kutafuta mahali palipoandikwa. Alitafuta, na sikuweza kumsaidia, maana hata mimi sikuwa najua. Kisha uso ukalegea.

"Sijui, baba," akasema.

Katika muda wote niliokuwa na kijana yule sikuwahi kumsikia akisema neno hilo. Kabla sijasema lolote akageuka, akarudi mpaka kwenye ule mlango aliotoka akilowa jasho, akaugonga, akasubiri, akaingia.

Mzee Mwinzi alinishika mkono. "Mwalimu, amerudi kufanya nini? Si wamesema ameachiwa? Mambo imeharibika tena?"

"Haijaharibika, mzee," nikamwambia. "Keti tu. Amepeleka swali lako. Ndiyo sasa anaanza kusoma."